Mwaka Niliofufua Redio ya Timau

Redio ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya shule. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama sanduku la nguo, na tulikuwa tukiiwasha asubuhi kwa vipindi vya shule vilivyorushwa kutoka Nairobi. Siku moja ikanyamaza katikati ya somo la jiografia. Mwalimu mkuu, mama wa hapo Nyeri asiyependa kuona kitu kibovu mbele ya macho yake, akasema ipelekwe stoo, shule itanunua moja ya hizi mpya ndogo za betri. Nikamwomba niichukue.

"Ya kufanya nini?"

"Kuitazama ndani."

"Wewe ndiye wa sayansi," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Niliibeba mpaka nyumba yangu ya walimu, nikaiweka mezani, nikatoa skrubu za nyuma kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na vumbi, mende wawili waliokauka, na taa za kioo zilizosimama kwa safu, zile tulizoziita valvu. Nilikaa nazo mpaka chai ikapoa. Sikuwa na haja kubwa ya kusikia redio. Nilitaka kitu cha kushika.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mimi natoka magharibi, upande wa Kakamega. Mwaka wa mwisho chuoni nilipata mimba. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hata siku ile hakupiga kelele. Aliniita mbele ya mama akasema, "Mpaka nikuite, usikanyage hapa." Sikukanyaga. Nilijifungua msichana kwa rafiki yangu mmoja huko Nakuru, kisha nikaletwa kufundisha Nyeri, naye mgongoni. Akafika miezi saba. Mwezi wa Julai, ule ukungu wa Nyeri ulipokaa chini wiki mbili bila jua, kifua kikamshika. Tulimpeleka hospitali Jumanne, Ijumaa akafa. Walimu wawili na mchungaji walinisaidia kumzika katika makaburi ya mji.

Sikulia. Niliona watu wakingoja nilie, nikawasikitikia kwamba wanangoja bure. Jumatatu niliingia darasani nikafundisha joto na baridi, jinsi chuma kinavyotanuka. Nyumbani sikuandika barua. Nilijiambia kwamba baba hajaniita.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kufanya kazi tu. Nilisahihisha madaftari, nikapika, nikala. Mara nyingi nilitia chumvi mara mbili na sikujua mpaka mgeni aseme. Wanafunzi waliniogopa kidogo kwa sababu sikukasirika. Ndivyo redio ya shule ilivyonikuta.

Niligundua kwamba kipande kimoja ndani, kama mshumaa mfupi uliofungwa karatasi yenye nta, kilikuwa kimepasuka na kutoa uchafu. Nikakichomoa nikakipeleka mjini kwa fundi aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa mzee Mgikuyu, mrefu, mwenye kofia ya sufi. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walimpeleka Burma, na huko akafundishwa kazi ya redio za jeshi. Herufi ya L ilimshinda, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita Mwarimu.

Akakigeuza kile kipande kiganjani. "Hii imetoka wapi?"

"Kwa redio ya shule."

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Na stima urikuwa umezima?"

"Nilichomoa kwa ukuta."

Akatikisa kichwa. "Hata ukichomoa, stima inabaki ndani. Inakaa hapo inakungojea. Mwarimu, ukifungua hiyo kitu tena, mkono moja weka mfukoni. Ufanye kazi na mkono moja tu. Ukishika na mikono mbiri, stima inapita kwa roho."

Hakucheka kwamba mimi ni mwanamke. Alinipa kipande kingine, akanionyesha kwenye redio yake namna ya kupasha moto chuma cha kuchomea na kuyeyusha risasi ili waya zishikane, mpaka mchomo ung'ae kama tone la maji. Mchomo ukififia na kuwa kama jivu, ni mbaya, rudia. Nilirudia mara nyingi. Redio ya shule ikasema siku ya tatu. Mwalimu mkuu alisikiliza dakika moja, akaniambia nibaki nayo, maana ile mpya ilikwisha nunuliwa.

Basi ndivyo nilivyoanza. Watu wa mji walikuwa wakizitupa zile kubwa. Kila mtu alitaka ya betri, ya kubeba mkononi hadi shambani. Wazazi wa wanafunzi waliposikia kuna mwalimu anayekusanya redio kuukuu, wakaanza kuniletea. Moja ilitoka Kerugoya, kwa mwalimu wa dini ambaye kuku wake alikuwa ametagia ndani. Nyingine ilikuwa mashine ya kunasa sauti kwa tepu za magurudumu mawili, iliyoachwa na wamishonari walioondoka. Nilizisafisha kwa brashi ya rangi, nikabadilisha waya zilizooza, nikapiga mbao polishi. Nilikuwa nikifanya kazi hiyo mchana wa Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni mwa sweta. Zilipopona sikuzisikiliza. Nilizima, nikaweka ukutani, nikafungua nyingine. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa jirani aliniuliza mara moja, "Sasa hizi zote unataka kusikia nini?" Nikaendelea kupiga polishi.

Redio ya Timau niliipata miaka kadhaa baadaye, likizo ya Aprili. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa nyapara katika shamba la ngano huko. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameuza na kuondoka na familia yake, na vitu ambavyo hakuna aliyevitaka vikabaki ghalani. Nyapara alinifungulia mlango wa bati. Redio ilikuwa nyuma ya magunia matupu, ndefu ya kusimama sakafuni, yenye kioo kilichoandikwa majina ya miji ya ng'ambo.

"Chukua tu, Madam," akasema. "Hii imekuwa nyumba ya panya."

Alisema kweli. Panya walikuwa wamekula kitambaa cha mbele na robo ya karatasi ya spika, na mkojo wao ulikuwa umekula waya. Tuliifunga kwa kamba juu ya lori la ngano lililokuwa likishuka Nanyuki, na kutoka hapo nikapata gari lingine la kuileta Nyeri. Ilikuwa nzito mno kwa meza yangu, kwa hiyo nikaipeleka kwenye kibanda cha mzee, naye akanipa kona.

Ilituchukua karibu muhula mzima wa pili. Spika niliiziba kwa karatasi nyembamba ya pakiti ya majani ya chai na gundi, tabaka kwa tabaka. Mzee alitafuta valvu mbili katika sanduku lake la bati alilokuwa akilificha chini ya kitanda. Alikuwa akifanya kazi bila kuzungumza, nami nilipenda hivyo. Mara moja tu aliniuliza, "Mwarimu, wewe huna watu?" Nikamwambia ninao, wako mbali. Akasema, "Mbari ni wapi, na magari iko," akarudi kwenye waya zake.

Jumamosi moja mwezi wa Julai tukaiwasha. Redio za valvu haziamki mara moja, lazima zipate moto kwanza. Tukazitazama zile taa zikianza kuwa nyekundu moja baada ya nyingine. Ikaja sauti ya kuvuma, kisha mkwaruzo, kisha mtu akaanza kusema Kiswahili, mbali, kama aliye ndani ya pipa. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Kila siku idhaa ya taifa ilikuwa ikisoma majina ya waliofariki na ya jamaa zao wanaotakiwa kurudi nyumbani, maana simu zilikuwa chache na barua ziliweza kufika mazishi yakiwa yamekwisha.

Niliinama nyuma ya redio kusikiliza mkwaruzo unatoka wapi. Mtangazaji alisoma kifo cha mama mmoja wa Machakos. Akasoma cha mwingine wa Kisii. Nilikuwa nikigonga valvu polepole kwa mpini wa bisibisi, moja baada ya nyingine, nikingoja ile mbovu ijibu. Kisha akasoma jina la kijiji chetu. Akasoma jina la baba. Akataja ndugu zangu na mahali wanapofanya kazi, halafu akasema jina langu lote, kama lilivyoandikwa katika cheti cha ubatizo, na baada yake akaongeza, "popote alipo, anaombwa afike nyumbani upesi. Mazishi ni Jumatatu."

Mzee alikuwa akilijua jina langu. Alikuwa akiliandika kwenye vipande alivyoniwekea.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyo mzee?"

"Ni baba yangu."

Akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikamwambia, "Usizime. Bado inakwaruza. Nafikiri ni valvu ya tatu."

Akarudisha mkono. Mtangazaji alikuwa amefika kwa mtu wa Kitui. Nikaendelea kugonga, na kweli ilikuwa ya tatu, mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Nikakaza. Sauti ikawa safi, nzuri sana, kama mtu ameketi nasi. Nikasema, "Sasa imekaa sawa." Mzee akavua kofia, akaishika kifuani, na mimi nikaanza kurudisha skrubu kwenye kopo lake.

"Mwarimu," akasema, "enda nyumbani."

"Nitaenda."

Nilikwenda kwenye nyumba ya walimu nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba nyimbo zote. Sikumwambia mtu. Alasiri mwalimu mkuu akaja, ameshika sweta yake nzito ya kijivu. Mzee alikuwa ametembea kutoka mjini hadi shuleni kumweleza, maana alijua sitasema.

"Kesho huingii darasani," akaniambia. "Saa kumi na mbili utakuwa kwa basi. Na hii uvae, huko njiani kuna baridi."

"Mazishi ni kesho. Sitafika."

"Basi utafika ukiwa umechelewa. Kuna watu wa kuonwa huko, si kaburi peke yake."

Basi liliharibika Kenol, kabla ya kufika Nairobi. Tulikaa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri, abiria wakila ndizi kando ya barabara na kulalamika, nami nilikuwa nimekaa dirishani na sweta ya mwalimu mkuu magotini. Nililala Nairobi kwa binamu. Nilipofika nyumbani ilikuwa Jumanne jioni, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi na wageni wengi walikuwa wameondoka. Kakangu mkubwa alinipokea mfuko. Akanitangulia ndani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wawili wa kanisa. Alinyanyuka. Alikuwa amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Akanishika mabega, akatazama nyuma yangu, mlangoni, kisha akanitazama tena.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza kwa lugha yetu.

Katika safari yote sikuwa nimefikiri kwamba nitaulizwa hivyo. Nilidhani wanajua, ingawa hakuna aliyewaambia.

"Alikufa, mama."

"Lini?"

"Ni miaka sita sasa. Alikuwa na miezi saba."

Mmoja wa wale wanawake akashika mdomo. Mama aliendelea kunishika mabega, lakini mikono yake ilikuwa imelegea.

"Ulimwita nani?"

Nikamwambia. Lilikuwa jina la mama yake mzazi. Akaniachilia, akatoka kwa mlango wa nyuma, na tukamsikia akienda mpaka kwenye migomba. Kakangu akasema nimwache. Nilikaa kwenye mkeka mahali alipokuwa amekaa. Nakumbuka niliona kwamba mkeka una joto lake, nikakumbuka pia kwamba nina njaa, na nikala ugali nilioletewa wote.

Asubuhi mama akaniletea redio ya baba. Ilikuwa ndogo, ya betri, ngozi yake imechakaa, na kile kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa mara nyingi ili kisisogee.

"Nani alifunga hivi?" nikauliza.

"Baba yako. Watoto wa kakako walikuwa wanageuza kutafuta muziki. Akaifunga hapo kwa matangazo." Alikuwa akiongea akiwa amenipa upande. "Kila siku, saa hiyo, mpaka ilipokufa yenyewe miezi michache iliyopita, hakuna mtu aliyeruhusiwa kusema humu ndani. Alikuwa akisikiliza wale waliokufa. Alisema kama jambo baya likikupata huko uliko, tutalisikia hapa. Wakimaliza kusoma bila kukutaja, anasema, 'Basi yupo,' anazima."

"Kwa nini hakuniita?"

"Nilimwuliza. Alisema wewe ndiye utakayerudi kwanza. Nawe ulikuwa unangoja yeye." Akafuta pua kwa ncha ya leso. "Mwaka huu alikuwa akisema mtoto amefika umri wa kuanza shule. Alimwuliza kakako kama huko uliko kuna shule nzuri."

Niliifungua redio hapo hapo, kwa kisu. Betri zilikuwa zimevuja, chumvi ya kijani imekula vyuma, na ile koili ndogo ya spika ilikuwa imekatika ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mkono unaoweza kuingia. Nilimweleza mama kila kitu, kipande kwa kipande, kama ninayefundisha. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikukuletea utengeneze. Nilikuletea uone."

Nikafunga skrubu. Mikono ilikuwa haitetemeki. Nilitamani itetemeke, kwa sababu yeye alikuwa anaitazama.

Nilirudi Nyeri baada ya wiki. Mzee alikuwa ameifunika redio ya Timau kwa gunia safi. Akaniuliza nilifika, nikasema nilifika nikiwa nimechelewa, akasema, "Rakini umefika." Mwalimu mkuu hakukubali nimrudishie sweta.

Desemba mama akaja. Hakuwa amewahi kuvuka Nakuru maishani mwake. Alishuka kwenye basi la Nyeri na kikapu cha njugu na kuku hai, akatazama mlima uliokuwa wazi asubuhi hiyo, akauliza kama ile nyeupe juu ni chumvi. Siku ya pili akasema, "Nipeleke kwa mtoto."

Makaburi ya mji yalikuwa yameongezeka. Vile vibao vya mbao vyenye namba vilikuwa vimeoza au kuchukuliwa kuni, na nyasi zilikuwa ndefu. Nilijua ni upande wa ukuta, karibu na mti wa mwerezi, lakini mierezi ilikuwa mitatu. Tulizunguka karibu saa nzima huku mvua nyepesi ikitunyeshea. Mwishowe nikamwambia, "Mama, sijui. Ni hapa au ni pale. Sikurudi tena baada ya siku ile."

Hakunilaumu. Alichagua mahali kati ya mti wa kwanza na wa pili, akasimama, akaanza kuongea na mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani. Alimweleza yeye ni mtoto wa nani, babu yake aliitwa nani, amezikwa wapi, ng'ombe wa nyumbani wana rangi gani. Alimwambia kwamba babu alikuwa akimwulizia shule. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayemtambulisha mgeni kwa majirani, na hakuwa na haraka. Mimi nilishika mwavuli juu yake. Mkono ulichoka, nikabadilisha wa pili. Nilimsikia kila neno na nilijua kwamba ni maneno makubwa, lakini yalikuwa yakinifikia kama ile sauti iliyo ndani ya pipa, kabla valvu hazijapata moto. Alipomaliza akaniuliza kama nami nina la kusema. Nikasema jina la mtoto. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu azikwe, ila ile mara moja mbele ya mama. Likatoka, basi. Tukapita sokoni tukanunua kabichi.

Mama alikaa wiki tatu. Baridi ilimchosha, redio zangu zilimshangaza. Zilikuwa kumi na moja, kuta mbili zimejaa. Alizipangusa kila asubuhi bila kuniuliza kama anaruhusiwa, na siku moja nilimkuta amewasha ya Kerugoya na anapika nayo, kwaya ikiimba Kigikuyu asichokielewa. Nilikuwa nimezoea nyumba iliyo kimya. Nilisimama mlangoni na madaftari mkononi nikingoja kuudhika, na sikuudhika. Alinionjesha mboga. "Chumvi imetosha?" Nikamwambia imetosha.

Siku ya kuondoka, kwenye stendi, aliniuliza kama nitakwenda nyumbani Pasaka. Nikasema nitakwenda. "Usiseme tu," akasema. Nikamwambia tena kwamba nitakwenda, akapanda.

Nilikwenda. Nilipofika nilikuta redio nne za majirani zimepangwa kwenye benchi nje ya jikoni, kila moja imefungwa kipande cha kitambaa cha rangi yake ili zisichanganyike. Mama alikuwa ametangazia kijiji kizima kwamba binti yake anafika na anajua kazi. Nilifanya kazi hapo uani siku mbili, watu wakija kukaa, wakiniambia habari za miaka ile ambayo sikuwapo, nani aliolewa, nani alikufa, shamba la nani liliuzwa. Tatu zilipona. Ya nne ilikuwa imeanguka kisimani, nikamrudishia mwenyewe nikamwambia ukweli.